Dawa Imekwenda Wapi?

Mwaka jana nilikaa katika ukumbi wa chuo kimoja hapa Nairobi nikimsikiliza mwanafunzi wa uzamili akieleza utafiti wake. Alikuwa amekusanya maganda ya makadamia, akayachoma yakawa mkaa, akausaga, akauchanganya na unga mweupe wa dioksidi ya titani, akautia kwenye maji yenye siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kisha akawasha taa. Grafu ukutani ilionyesha kiwango cha dawa kikiporomoka kama lori kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Baada ya saa mbili, zaidi ya asilimia 90 ya dawa haikuwemo tena majini. Watu wakapiga makofi.

Mzee mmoja wa viti vya nyuma, profesa mstaafu, akainua mkono. "Kijana wangu, dawa imekwenda wapi?"

"Imeondolewa, Prof."

"Hilo nimelisikia. Imeondolewa ikapelekwa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko, kijana naye akacheka kidogo, akapitisha picha iliyofuata. Mimi swali lile lilinikaa. Tangu siku hiyo kila nikisikia teknolojia mpya ya kusafisha maji taka, huwa nalitanguliza kama abiria anayehesabu chenji yake kabla ya kushuka matatu. Na naamini ndilo swali linalopaswa kuamua ni wapi katika mji huu tutumie mkaa, ni wapi tutumie mwanga, na ni wapi tusipoteze pesa kabisa.

Tuanzie mwilini. Kidonge ukikimeza hakiishii tumboni. Siprofloksasini, ambayo kwenye maduka ya dawa ya mtaani huitwa sipro tu, karibu nusu yake hutoka na mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Amoksilini hutoka zaidi ya nusu. Sulfamethoksazoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Septrin, hutoka kidogo ikiwa nzima na nyingi ikiwa imevishwa koti la kikemia na ini. Koti hilo vijidudu vya maji taka hulivua njiani, na dawa inarudi kuwa dawa.

Ungetarajia Amoxil ndiyo ijae mtoni, maana ndiyo inayomezwa kila kona, mara nyingi kwa mafua yasiyoihitaji. Sivyo. Pete ya atomi iitwayo beta-laktamu, iliyo moyoni mwake, ni laini, hupasuka majini kabla haijasafiri mbali. Septrin ni ngumu zaidi, na kwa miaka mingi Wakenya wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikuwa wakiimeza kila siku kama kinga. Mpango huo umeokoa maisha, na sitaki mtu ausome hapa kama lawama. Ila kemia haina huruma: kinachoingia mwilini kila siku hutoka kila siku.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha JKUAT na wa Jyväskylä, Finland, walichapisha vipimo vya bonde la Mto Nairobi. Palipochafuka zaidi, sulfamethoksazoli ilivuka mikrogramu 10 katika lita moja, na pamoja nayo zilikuwemo dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Kwa mtu anayekunywa glasi moja, kipimo hicho hakitibu wala hakiui. Wanaokisikia ni bakteria. Wale dhaifu hubanwa, wale wenye jeni za usugu, yaani za kuistahimili dawa, hupata nafasi ya kuzaana, na jeni hizo hupeana wao kwa wao hata kama si wa ukoo mmoja.

Kwa siprofloksasini, watafiti Bengtsson-Palme na Larsson wa Sweden walikadiria mwaka huohuo wa 2016 kwamba mikrogramu 0.064 kwa lita huenda zikatosha kuanza kuwapendelea bakteria sugu. Nilikaa na kikokotoo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuyafikisha maji ya lita karibu milioni 8 kwenye kiwango hicho. Kwa lugha ya mtaa ambao bomba limekauka, hayo ni maboza 780 ya lita 10,000 kila moja. Kidonge kimoja!

Na usugu huo si hadithi ya kesho. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na mzigo mzito zaidi ulikuwa Afrika, kusini mwa Sahara. Mto si chanzo pekee wala chanzo kikuu cha vifo hivyo. Lakini ni mojawapo ya mahali ambapo dawa, kinyesi na bakteria hukutana bila mtu kuwasimamia.

Sasa mkaa. Shangazi yangu wa Kawangware huweka vipande vitatu vya mkaa kwenye sahani ndani ya friji ili viondoe harufu ya samaki. Hajasoma kemia lakini kazi ni ileile. Watu husema mkaa "unafyonza" harufu, na hapo neno linatupoteza kidogo. Sifongo hufyonza, yaani maji huingia ndani ya mwili wake na kukaa. Mkaa hunasa: molekuli hugota kwenye kuta za vitundu vyake na kung'ang'ania pale, kama nzi kwenye karatasi ya gundi. Kwa hiyo nguvu ya mkaa ni ukubwa wa kuta zake. Gramu moja ya mkaa amilifu mzuri huwa na kuta zinazofika mita za mraba 1,000. Sisi wa Nairobi tunaowaza kila kitu kwa ardhi tufikirie hivi: ploti ya hamsini kwa mia ni mita za mraba 465. Basi kwenye gramu moja, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, mna ploti mbili na zaidi, bila dalali na bila hati bandia.

Mkaa wa jikoni haufiki huko, kwa kuwa vitundu vyake vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati wa kuchoma. Kuuamilisha ni kuuchoma tena kwa mvuke mkali, au kuuloweka kwanza kwenye kemikali kama asidi ya fosforasi ili vitundu vifunguke. Malighafi hatukosi: maganda ya makadamia ya Murang'a na Embu, makapi ya mpunga wa Mwea, mabaki ya miwa ya magharibi, vifuu vya nazi vya Kilifi na Kwale. Tanuri la pipa la kuchomea maganda ni kitu ambacho fundi wa Kamukunji atakuchomelea ukimchorea kwenye karatasi. Hapa ndipo viongozi wetu wanapopenda kusimamia na kupiga picha, na mimi sina ugomvi na sehemu hiyo.

Ugomvi wangu unaanza mkaa ukiingia kwenye maji taka halisi. Kule hauko peke yake na sipro. Kuna sabuni, mafuta ya chipsi, mabaki ya chakula na asidi za udongo, vyote vikigombea vitundu vilevile, na vyote vikiwa vingi kuliko dawa mara maelfu. Pili, si kila dawa hunaswa sawasawa. Siprofloksasini ina pete bapa zinazolala vizuri kwenye kuta za mkaa, na hunaswa kwa urahisi. Sulfamethoksazoli, katika maji yasiyo na uasidi, hubeba chaji hasi. Mkaa mwingi nao uso wake una chaji hasi. Sumaku mbili zikigeuziana ncha zinazofanana unajua kinachotokea. Kwa hiyo dawa ileile inayoujaza mto wetu ndiyo inayouteleza mkaa kirahisi zaidi. Mtu akikuletea kichujio cha mkaa kilichojaribiwa kwa sipro peke yake, muulize habari za Septrin.

Tatu ndilo swali la mzee. Mkaa hauharibu kitu. Ukijaa umejaa, na dawa yote uliyoitoa majini sasa iko ndani ya gunia. Gunia hilo linakwenda wapi? Kama linakwenda kwenye jaa la Dandora, jaa hilo liko kando ya Mto Nairobi. Mvua ya Aprili italisuuza, na dawa itarudi mtoni kupitia mlango wa nyuma. Zaidi ya hayo, chujio la mkaa likikaa muda mrefu bila kubadilishwa huota utando wa bakteria ndani yake. Hebu fikiria: bakteria wamekaa kwenye kuta zilizopakwa viuavijasumu, wakiguswa na dawa kidogo kidogo mchana na usiku. Ukitaka kuwafundisha usugu ungejenga darasa gani zuri kuliko hilo?

Ndiyo maana watu wa kemia wameupenda mwanga. Hadithi yake huanza Japani, ambako Akira Fujishima na Kenichi Honda walichapisha mwaka 1972 kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa ndani ya maji huweza kuyapasua maji yenyewe. Hiyo dioksidi ya titani si kitu cha ajabu. Ndiyo weupe wa rangi ya ukutani. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukiipiga, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo hunyang'anya maji elektroni, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, kitu kinachoishi muda mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde, na katika muda huo humrarua aliye karibu yake, yeyote yule. Molekuli ya dawa ikiwa karibu hukatwa vipande, na ukiipa muda wa kutosha hubaki hewa ya kaboni, maji na chumvi kidogo. Bakteria naye hapati pa kujificha, hata jeni zake huumia.

Kwa mji ulio digrii moja tu kusini mwa ikweta, juu karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hilo linasikika kama zawadi. Jua tunalo. Lakini dioksidi ya titani ni mchaguzi: hutaka mwanga wa urujuani usioonekana, mfupi kuliko nanomita 388 hivi, na huo ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua inayotufikia. Ni kama kupewa sufuria ya pilau ukaruhusiwa kula iliki peke yake. Ndiyo sababu maabara nyingi sasa zinahangaika na vichocheo (vitu kama hiyo dioksidi, vinavyoamshwa na mwanga) vinavyokula mwanga unaoonekana, kwa mfano naitridi ya kaboni, ambayo huanza kufanya kazi kwenye mwanga wa buluu. Halafu kuna Julai. Mkazi wa Nairobi anajua wiki zile jua linapojificha nyuma ya wingu la kijivu tangu asubuhi hadi jioni, na hata nguo za mtoto hazikauki kambani.

Na mwanga una adui mkubwa kuliko Julai, naye ni uchafu wa maji yenyewe. Chota maji taka kwenye chupa ya soda uyainue juani. Huoni upande wa pili. Miale haipiti, na kichocheo kilichoko chini kimekaa gizani. Radikali nazo, kwa kuwa hazichagui, huishia kupigana na sabuni, mafuta na bikaboneti kabla hazijakutana na dawa. Na zikikutana nayo, zisipomaliza kazi huacha vipande, na baadhi ya vipande hivyo bado vina makali ya kuua bakteria. Mashine ikitafuta molekuli ya sipro haitaiona, itaandika "imeondoka". Bakteria mtoni bado anaisikia.

Hapo ndipo kijana wa makadamia alipokuwa na wazo la maana kuliko alivyojua kulieleza. Mkaa ni mtego, mwanga ni kisu. Mtego hukusanya dawa iliyotawanyika majini, huileta karibu na kisu; kisu huikata palepale na kuacha mtego wazi kwa kazi nyingine. Jibu alilopaswa kumpa mzee ni hili: "Prof, imenaswa kwanza, kisha imevunjwa. Hii hapa hesabu ya kaboni kuonyesha kiasi kilichobaki mkaani, kiasi kilichobaki majini kikiwa vipande, na kiasi kilichotoka kikiwa hewa." Hesabu hiyo hakuwa nayo, na kwa haki yake, wengi wanaochapisha kazi za aina hii huishia kwenye mstari unaoshuka. Tena ndoa yenyewe ina kero zake: mkaa ni mweusi, na ukizidi humeza mwanga uliokuwa wa kichocheo. Kipimo cha mchanganyiko ni kama chumvi kwenye mchuzi.

Nina kisirani na zile asilimia 90 kwa sababu moja zaidi. Majaribio mengi hufanywa kwa maji safi ya maabara yenye dawa moja tu, na dawa yenyewe hutiwa miligramu 10 au 20 kwa lita. Hiyo ni mara elfu moja au elfu mbili ya kile kilichopatikana mtoni. Mtu hufanya hivyo kwa sababu inayoeleweka, kwamba mashine ya bei nafuu haioni kiasi kidogo zaidi. Lakini ni kama kujisifu kuwa umeshika kuku ndani ya kizimba, kisha ukaomba kazi ya kumshika katikati ya soko la Gikomba siku ya Jumamosi.

Basi tupige hesabu ya Gikomba. Mtambo mkubwa wa maji taka wa Nairobi ni ule wa Dandora ulioko Ruai, mabwawa mapana ambayo yamesanifiwa kupokea mita za ujazo takriban 160,000 kwa siku. Mitambo ya Ulaya inayotumia unga wa mkaa hutia gramu 10 hadi 20 kwa kila mita ya ujazo, tena kwenye maji ambayo tayari yamesafishwa vizuri. Chukua 15. Ruai ingehitaji tani 2.4 za mkaa amilifu kila siku ya Mungu, Canter moja imejaa, na mkaa huo ukishatumika unatoka ukiwa umechanganyika na tope. Kuupaka kichocheo cha mwanga na kuutandaza kwenye maji ya kijani yaliyojaa mwani ni ndoto. Unga wa nano, wenye chembe ndogo mno, ukishamwagika humo haurudi mkononi, unaelekea Mto Athi, kisha Galana na Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi.

Geuka upande wa hospitali. Tuseme ina vitanda 500 na hutumia lita 400 kwa kitanda kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 200. Hata ukitia mkaa mara tano ya ule wa Ulaya kwa sababu maji yake ni mazito, unahitaji kilo 15 kwa siku. Mtu mmoja anaubeba begani. Maji ni machache, kwa hiyo unaweza kuyatuliza na kuyachuja kwanza hadi yang'ae, kisha uyapitishe kwenye trei za kina kifupi zilizobandikwa kichocheo kwenye kioo au vigae, juu ya paa, jua likiwaka; Julai ikija, taa za LED. Kichocheo kilichobandikwa hakipotei mtoni. Na kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa sana: hospitali kubwa huwa na tanuri la kuchomea sindano na bandeji zilizotumika. Mkaa uliochoka una mahali pa kwenda, tena karibu na mlango wa nyuma. Swali la mzee linapata jibu la kwanza lenye anwani.

Najua pingamizi, na ni zito. Dawa nyingi humezewa nyumbani. Nchi zilizopima zimekuta kwamba hospitali huchangia sehemu ndogo ya dawa zote zinazoingia kwenye maji taka ya mji, na sioni sababu ya Nairobi kuwa kinyume, hasa kwenye mtaa ambapo mtu huingia duka la dawa akasema "nipe za hamsini" akapewa vidonge vinne vimefungwa kwenye karatasi. Kwa hiyo kusafisha hospitali hakutausafisha mto, na atakayeuza mradi huo kwa ahadi hiyo anadanganya. Nautetea kwa mambo mawili. La kwanza, ni hospitalini ambako dawa nzito hutumika, kama meropenemu na vankomisini, zile ambazo mara nyingi daktari huzifikia baada ya zile za kawaida kushindwa. Bakteria wanaojifunza kuzishinda hizo ndio wa kuogopwa. La pili, ni hapo tu ambapo tunaweza kujifunza kwa hasara ndogo.

Kwa dawa za majumbani, mkaa na taa si jibu la leo. Nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na bomba la maji taka hata kidogo. Choo cha Mukuru kinachomwaga Mto Ngong hakipiti kwenye kichujio chochote, kiwe cha makadamia au cha dhahabu. Mpango wa kuhuisha mito ya Nairobi uliozinduliwa Machi 2025 utapimwa kwanza kwa mita za bomba zilizofukiwa ardhini na vyoo vilivyounganishwa. Bomba halipendezi kwenye picha, lakini linakuja kwanza.

Na yale mabwawa ya Ruai tusiyadharau. Yanapigwa na jua bure miaka nenda rudi, na siprofloksasini ni dawa inayovunjwa haraka na mwanga wa jua hata bila kichocheo chochote. Kwa maana hiyo mji huu tayari una mtambo wa mwanga, mkubwa kuliko wowote utakaojengwa na mfadhili. Bwawa la mwisho likiwa na kina kifupi na mwani ukidhibitiwa, jua litafika chini zaidi. Ila hapo tena mzee anainua mkono. Sipro yote haivunjwi na jua. Nyingi hugandamana na chembechembe na kuzama kwenye tope. Tope likikaushwa huwa mbolea nyeusi inayovutia. Nilisimama siku moja upande wa Mailisaba, ambako watu wamelima kwa maji taka kwa miaka mingi, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akichuma sukuma wiki kama hana wasiwasi na maji yale. "Mwanangu," akaniambia bila kuinua kichwa, "haya maji yana mbolea ndani. Ya bomba yana bili." Sikuwa na la kumjibu. Lakini mtu anayepima maji yanayotoka Ruai bila kupima tope lake anahesabu mfuko mmoja wa suruali na kusema hana pesa.

Sheria nayo ililala upande huohuo. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2006 zilimtaka anayemwaga maji kwenye mazingira ahakikishe mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani kipimo cha uchafu unaooza, hayazidi miligramu 30 kwa lita, zikataja na metali, mafuta na vinginevyo. Kiuavijasumu hakikuwemo hata kimoja. Hospitali iliweza kutimiza kila mstari na bado ikamwaga meropenemu. Uswisi ilipoanza mwaka 2016 kuitaka kisheria baadhi ya mitambo yake iongeze hatua ya ozoni au mkaa, haikujaribu kupima kila dawa duniani. Ilichagua vitu 12 vya kuwakilisha vingine na kudai viondoke kwa wastani wa asilimia 80. Sisi hata viwili vingetosha kuanzia: sulfamethoksazoli kwa sababu inauteleza mkaa, siprofloksasini kwa sababu inajificha kwenye tope. Kichujio kitakachozishinda zote mbili kitakuwa kimefanya kazi. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake mpya ya maji taka ya mwaka 2024, umewaambia watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama ya hatua hiyo ya ziada. Watengenezaji wamelalamika, kama ilivyotarajiwa. Hapa kwetu sipendi mzigo huo uongezwe kwenye bei ya Septrin ya mgonjwa wa Kayole, lakini leseni ya kumwaga maji taka hulipiwa. Sehemu ya ada hiyo ingeweza kununua vipimo.

Baada ya semina nilimkuta yule kijana nje, ameegemea ukuta, anakunywa chai ya flaski. Nikamuuliza kwa nini hakujaribu mkaa wake kwenye maji halisi ya hospitali badala ya maji ya maabara. Akacheka kwa uchovu. Alisema alikuwa ameandika barua ya kuomba ruhusa ya kuchota lita 20 kutoka kwenye shimo la maji taka la hospitali moja. Ofisi moja ilimtuma kwa nyingine, ile nyingine ikataka barua kutoka ya kwanza, muhuri ukakosekana, mhusika akaenda likizo. Miezi minne. Muda wake wa kuwasilisha ukafika, akawasilisha alichokuwa nacho.

"Mtungi nilishanunua," akasema. "Uko chini ya meza yangu, bado una stika ya bei."